MCHWA NDANI YA NYUMBA: TUMFAHAMU, TUMKATIE NJIA

Fikiri jambo hili. Umerudi toka kazini, poste ya usiku. Bibi yako anakuambia: «Baba, shule inaomba cheti cha kuzaliwa cha mtoto.» Unakwenda chumbani, unavuta sanduku la mbao lililo chini ya kitanda. Kwa macho, sanduku ni zima. Rangi yake ipo, kufuli lake lipo. Unaliinua, na sehemu yake ya chini inabaki sakafuni. Ndani hakuna cheti tena. Kuna udongo mwekundu na vipande vya karatasi vyenye matundu. Hata kikwembe ambacho mama alivaa siku ya ndoa kimeliwa.

Mchwa alifanya kazi yake miezi mingi, usiku na mchana, bila kelele. Wewe ulikuwa unalala juu yake.

Cheti unaweza kukitafuta tena, kwa franga na kwa kusimama mstari mbele ya ofisi. Lakini adui huyu anayekula sanduku ndiye anayekula miimo ya mlango na mbao zinazobeba paa. Mbao ya paa ikivunjika, inaangukia watu waliolala chini yake. Ndiyo maana jambo hili limeingia katika ukurasa wa usalama na afya.

Katika somo hili tutajifunza mambo matatu: kumfahamu mchwa, kukagua nyumba, na kumkatia njia. Tutasema pia juu ya sumu, kwa sababu dawa inayomwagwa kwa hasira inaweza kumuumiza mtoto kuliko mchwa alivyoumiza mbao.

1. MCHWA NI NANI?

Kila mtu wa Katanga anakijua kichuguu. Tunaviona porini na kando ya barabara, toka Lubumbashi mpaka Likasi na Kolwezi. Vile vikubwa zaidi vinajengwa na mchwa ambaye wataalamu wanamwita Macrotermes falciger. Kichuguu chake kinaweza kufika metre 8 kwenda juu. Wataalamu wamepima umri wa vichuguu vya Katanga ya Juu, na kimoja kimeonekana kuwa na zaidi ya miaka 2000.

Tusimtukane mchwa bure. Mababu waliotengeneza shaba kabla ya kampani kufika walijenga tanuru zao kwa udongo wa kichuguu. Matofali ya nyumba nyingi za Lubumbashi yametoka katika udongo uleule. Uyoga mkubwa tunaokula wakati wa mvua unaota juu ya bustani ambayo mchwa anailima ndani ya kichuguu. Na kumbikumbi, ambao Wabemba wanawaita inswa, ni mboga nzuri. Porini mchwa anakula miti iliyokufa na majani makavu, anageuza udongo. Kazi yake pale ni njema.

Shida inaanza tunapojenga nyumba juu ya njia zake. Kwake yeye, mlango wako si mlango. Ni mti uliokufa.

Ndani ya kundi moja kuna malkia, anayetaga maelfu ya mayai kila siku. Kuna askari wenye kichwa kikubwa na meno makali. Kazi yao ni kulinda. Na kuna wafanyakazi, walio wengi kuliko wote. Hao ndio wanaokula nyumba yako. Mfanyakazi wa mchwa ni mdogo, mweupe au wa rangi ya maziwa, mwenye ngozi laini. Hana macho ya kuona. Ngozi yake ikikauka, anakufa.

Shika neno hili, maana somo lote linasimama juu yake: mchwa wa udongoni hawezi kuishi mbali na udongo wenye unyevu. Anaishi chini, anapanda kula, anarudi chini. Kila siku anahitaji njia iliyofunikwa, yenye giza na ubichi, kati ya udongo na mbao. Ukiikata njia hiyo na kuilinda, umemshinda. Usipoikata, hata ukiua elfu moja leo, kesho malkia amezaa wengine.

Wengine wanasema: «Wakati wa kiangazi mchwa wamekwisha.» Si kweli. Kwetu, kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9, mvua karibu haipo. Mchwa anashuka chini zaidi kutafuta unyevu, au anafuata maji ya nyumba yako: robine inayovuja, pahali pa kuogea, pahali mama anapofulia nguo. Hata katika jangwa la Sonora, kule Arizona, Marekani, ambako mvua ni haba sana, mchwa wa udongoni wanaharibu nyumba. Wanafuata maji ya bustani na mabomba yanayovuja. Kama ukame wa jangwa haukuwamaliza, kiangazi chetu hakitawamaliza.

2. NI MCHWA AU NI CHUNGU?

Mara nyingi watu wanawachanganya mchwa na chungu, yaani sisimizi, zaidi wakati wadudu wenye mabawa wanapotoka. Kamata mmoja, umwangalie vizuri kwenye mwanga.

— Kiuno: Chungu ana kiuno chembamba kama amefungwa uzi. Mchwa hana kiuno. Mwili wake ni mnene toka kifuani mpaka tumboni.
— Mabawa: Mchwa mwenye mabawa ana mabawa 4 ya urefu mmoja, na yanapukutika upesi. Chungu ana mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma.
— Pembe za kichwani: Za mchwa zimenyooka, kama ushanga uliotungwa. Za chungu zimepinda kama kiwiko cha mkono.

Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi wanaoruka nje kwenye taa hawana shida. Watoto wawaokote, mama awakaange. Lakini wakitoka ndani ya nyumba, katika ufa wa sakafu au pembeni ya mlango, fahamu kwamba njia ya mchwa iko chini ya sakafu yako. Vilevile, ukikuta rundo la mabawa makavu juu ya dirisha bila kujua yametoka wapi, anza kutafuta.

Kuna wadudu wengine wanaokula mbao bila kuhitaji udongo. Hao wanaacha unga mkavu au vipande vidogo kama mbegu au mchanga chini ya mbao. Mchwa wa udongoni haachi unga. Yeye anaacha udongo. Mbao iliyojaa udongo ndani ni kazi yake.

3. KAGUA NYUMBA KAMA UNAVYOKAGUA GALERI

Wewe unayefanya kazi chini ya udongo, umefundishwa kutoingia chini ya mwamba usioujua. Unasimama pahali salama, unachukua baramini, unagonga mwamba wa juu na kusikiliza. Ukilia kwa nguvu na kwa ukali, ni mzima. Ukilia kama ngoma, umeachana, na hatari ipo. Elimu hii umelipwa kuipata. Mbona unaiacha mlangoni pa kampani?

Nyumbani ufanye vilevile. Mara moja kila mwezi wakati wa mvua, na mara mbili au tatu wakati wa kiangazi, chukua torshi na turnevisi yenye mpini mgumu. Mwite na mtoto mkubwa, ajifunze. Zunguka namna hii:

Kwanza, nje. Fuata msingi wote wa nyumba toka pembe moja mpaka kurudi pale ulipoanzia. Tafuta mikondo ya udongo inayopanda ukutani. Ni kama mishipa ya udongo mkavu. Mingine ina unene wa kalamu, mingine ni mipana kuliko kidole. Angalia nyuma ya kuni, nyuma ya maua, nyuma ya bomba la maji.

Pili, milango na madirisha. Gonga miimo kwa mpini wa turnevisi, toka chini kwenda juu. Sehemu ya chini ndiyo inayoliwa kwanza. Ikilia kama ngoma, sukuma ncha ya turnevisi polepole. Mbao nzima inakataa. Mbao iliyoliwa inaingiza ncha kama bukari laini. Usidanganywe na rangi: mchwa anakula ndani na kuacha ngozi nyembamba ya nje, pamoja na rangi yake.

Tatu, sakafu. Angalia nyufa, na zaidi pahali ambapo ukuta unakutana na sakafu, na pahali mabomba yanapoingia. Ufa wa milimetre 1 au 2 ni mlango mpana kwa mchwa. Sogeza masanduku, mikeka, kabati na mifuko ya unga. Usiangalie mbele tu. Angalia chini na nyuma.

Nne, juu. Kama nyumba ina plafoni, tafuta madoa ya udongo na pahali palipoinama. Angalia mbao zinazobeba manjanja, zaidi pale zinapokaa juu ya ukuta. Panda ngazi imara na mtu aishike. Usikanyage plafoni, na usitie uzito juu ya mbao usiyoipima. Kama mbao ya paa inalia kama ngoma, au imeinama, hamisha kitanda kilicho chini yake siku ileile, kisha umwite fundi wa mbao. Usingoje mwisho wa mwezi. Pepo za mwanzo wa mvua zinatikisa kila paa, na mbao iliyoliwa haitashika misumari.

Ukiona mkondo wa udongo, usiufute wote mara moja. Vunja kipande cha vidole viwili katikati yake. Kama mchwa wapo, mara nyingi utawaona palepale. Kama huwaoni, weka alama ya makala ukutani, urudi baada ya siku 2 au 3. Kipande kikiwa kimejengwa tena kwa udongo mbichi, mchwa wanapita. Kikibaki wazi, pengine wamehamia njia nyingine. Basi endelea kutafuta. Alama hii ndogo ya makala itakuambia mengi kuliko kubahatisha.

4. NJIA ANAZOPITIA, NA NAMNA YA KUZIKATA

Kazi hii haitaki franga nyingi. Inataka jembe, sima kidogo, na nia ya kuifanya tena na tena.

a) Mbao inayogusa udongo. Hii ni njia kubwa kuliko zote. Mguzo wa baraza uliozikwa, mwimo wa mlango ulioingia chini ya sakafu, ngazi ya mbao iliyokaa juu ya udongo: kila kimoja ni barabara iliyo wazi. Kata sehemu ya chini, uweke kiti cha betoni au chuma, ili mbao ianze angalau sentimetre 15 juu ya udongo. Kabla ya kukata mguzo, shindilia paa kwanza, kama unavyoweka migogo ya kushikilia mwamba. Kama hujui kufanya hivyo, mwachie fundi.

b) Udongo uliopanda ukutani. Mvua na fagio vinaleta udongo karibu na nyumba mwaka kwa mwaka, mpaka msingi hauonekani tena. Uondoe kwa jembe. Msingi uonekane sentimetre 15 au zaidi nyumba yote ikizungukwa. Mchwa atakayepanda, atapanda mbele ya macho yako.

c) Kuni, mbao na makaratoni. Usiegemeze kuni ukutani. Ziweke mbali na nyumba, juu ya mawe au vyuma. Mbao zilizobaki baada ya ujenzi, na visiki vilivyo chini ya udongo, viondolewe. Ni chakula kinachomwita mchwa aje karibu.

d) Maji. Tengeneza robine inayovuja. Chimba mfereji mdogo wa kupeleka maji ya manjanja mbali na ukuta. Maji ya kuogea na ya kufulia yasisimame kando ya nyumba. Bustani ya mboga isiguse ukuta. Hapa unapata faida mbili, kwa sababu maji yasiyosimama hayazai mbu.

e) Nyufa. Safisha ufa kwa ncha ya chuma, uloweshe kidogo, uuzibe kwa sima na mchanga. Zungushia vizuri mabomba. Sakafu ya udongo haiwezi kuzibwa. Hapo kila kitu cha mbao au karatasi kikae juu ya matofali au mawe, nawe upaangalie chini yake.

f) Masanduku na vyeti. Sanduku lisilale sakafuni. Liweke juu ya matofali manne, mbali na ukuta kwa upana wa mkono. Vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, karatasi za kazi na za lupangu vikae ndani ya boksi la chuma lenye kifuniko, pahali pa juu. Mama wa nyumba, hii ni kazi ya nusu saa. Ifanyeni leo jioni.

Kwa wale wanaojenga nyumba mpya, hapo ndipo pa kushinda kwa bei ndogo. Toa mizizi na visiki vyote. Kandamiza udongo vizuri kabla ya betoni, ili sakafu isipasuke. Usiache mbao za kumwagia betoni ndani ya udongo. Juu ya msingi mnaweza kuweka bati lisilopata kutu, ukingo wake ukitokeza nje na kuinamishwa chini. Bati halimuui mchwa. Linamlazimisha kutoka nje na kulizunguka, na hapo unamwona. Kuhusu mbao, kiini cha mulombwa kinavumilia kuliko mbao nyeupe na laini. Lakini usilale kwa sababu hiyo.

5. KAMA AMEKWISHA KUINGIA

Usipige kelele, usimwage kitu. Fuata mpango.

Tafuta kwanza njia zote, uzitie alama. Ondoa chanzo cha unyevu. Vunja mikondo yote, ufagie udongo wake. Kata mbao zilizoliwa na uzitoe nje ya nyumba. Zile zisizo na rangi wala dawa zinaweza kuchomwa nje. Ziba ufa waliopitia. Kisha rudi kukagua kila wiki kwa miezi miwili. Kama shambulio ni dogo, pengine kazi hii itatosha.

Kama mchwa wanarudi kila mara, kama wametoka pahali pengi, au kama wamefika paani, hapo kunahitajika fundi wa dawa ya mchwa aliyefundishwa. Yeye anatia dawa ndani ya udongo kuzunguka msingi, si kunyunyizia hewa ya chumba. Kunyunyizia kopo la dawa ya mbu juu ya mchwa kunaua wale unaowaona tu. Wengi wako chini.

Kama nyumba si yako, peleka habari mapema kwa mwenye nyumba au kwa ofisi ya makao, kwa maandishi, ukitaja chumba na siku uliyoona alama. Usiogope kuambiwa kwamba umeharibu nyumba. Anayesema mapema anaokoa nyumba. Anayenyamaza ndiye anayeipoteza.

6. SUMU: SOMA SEHEMU HII MARA MBILI

Mchwa haambukizi mtu ugonjwa. Askari wake anauma kidole, basi. Katika vita hii hatari kwa mwili wako inatoka katika mikono yako mwenyewe.

Miaka ya nyuma, katika nchi nyingi, mafundi walimwaga aldrini, dieldrini, klordani na heptaklori chini ya nyumba. Zilifanya kazi, lakini zinakaa udongoni miaka mingi, zinaingia ndani ya mafuta ya mwili wa mtu, zinapita mpaka katika maziwa ya mama. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ulioanza kutumika mwaka 2004, umeziweka zote nne katika orodha ya sumu za kuondolewa. Kama ndugu anakuuzia chupa ya zamani na kusema «hii ndiyo ile dawa ya kweli ya zamani», mkatalie. Usinunue kamwe dawa isiyo na karatasi ya maelezo, wala ile iliyomiminwa ndani ya chupa ya limonadi au ya maji.

Mazuti na oili chafu ya gari pia si dawa. Mazuti inawaka moto, na moshi wake unaumiza kifua cha mtoto anayelala pale. Oili chafu ina metali na vitu vinavyoweza kuleta kansa. Inashuka udongoni, inaweza kufika kwenye kisima. Majivu hayana hatari kubwa, lakini mvua ya kwanza inayaosha.

Usilete nyumbani asidi wala dawa nyingine ya kazini, hata kidogo. Na pipa lililobeba dawa lisibebe maji ya kunywa wala unga, hata likioshwa mara kumi.

Fundi akija kutia dawa, haya ni yako ya kuangalia:

— Watoto, wagonjwa, mama mwenye mimba, kuku na mbuzi watoke, wasirudi mpaka muda ulioandikwa kwenye maelezo upite.
— Chakula, sufuria na maji ya kunywa vitolewe au vifunikwe.
— Mwonyeshe fundi kisima na mabomba yote kabla hajaanza.
— Dawa ya maji isimwagwe kwenye soketi wala kisanduku cha umeme.
— Fundi avae mabuti, mifuko ya mpira ya mikono na miwani. Asiyejilinda mwenyewe, hatakulinda wewe.
— Chupa tupu isibaki ndani ya lupangu.

Ajali ikitokea: dawa ikimwagikia ngozi, vua nguo, osha kwa maji mengi na sabuni. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi dakika 15 bila kuacha. Mtu akiimeza, usimtapishe. Ukimtapisha, dawa au mazuti inaweza kuingia katika mapafu. Mkimbize dispanseri, na uchukue chupa yenye maelezo, ili mganga ajue sumu ni gani.

7. KICHUGUU KILICHO NDANI YA LUPANGU

Si kila kichuguu ni adui. Kilicho mbali na nyumba kiache. Lakini kikiwa karibu na ukuta, au kikiota chini ya sakafu, kinahitaji kuondolewa. Kumbuka pia kwamba kuna mchwa wasiojenga kilima. Kukosa kichuguu hakumaanishi kukosa mchwa.

Kukata kilima cha juu peke yake ni kazi bure. Malkia anakaa ndani, katika chumba cha udongo mgumu. Akibaki mzima, wafanyakazi wake watajenga upya.

Kabla ya kuchimba, jua hatari tatu. Ya kwanza ni nyoka. Matundu ya kichuguu cha zamani ni nyumba yake. Vaa mabuti, usiingize mkono katika tundu. Ya pili ni udongo kuanguka. Wewe mchimbaji unajua: ukuta wa shimo usioshikiliwa hautoi taarifa. Usichimbe kwa kuingia chini ya kilima kama pango. Anza juu, shuka kwa ngazi, na usifanye kazi peke yako. Watoto wakae mbali. Ya tatu ni shimo linalobaki. Watu wanachukua udongo kwa matofali, wanaacha shimo wazi. Mvua inalijaza, mbu wanazaa ndani yake, na mtoto anaweza kuzama. Lifukie, ulikandamize, ndipo kazi imekwisha.

MASWALI YA KUJIPIMA

Someni maswali haya pamoja nyumbani. Majibu yote yako ndani ya somo.

1. Kwa nini mchwa wa udongoni anajenga mikondo, badala ya kutembea wazi ukutani?
2. Ukikamata mdudu mwenye mabawa, utajuaje kama ni mchwa au chungu?
3. Unagonga mwimo wa mlango, unalia kama ngoma. Utafanya nini?
4. Msingi wa nyumba yako unaonekana sentimetre ngapi juu ya udongo? Nenda ukapime.
5. Mtoto amekunywa dawa. Ni jambo gani ambalo hutafanya kamwe, na utabeba nini kwenda dispanseri?
6. Vyeti vya familia viko wapi sasa hivi, na chini yake kuna nini?

Wasomaji wapenzi, mchwa hafanyi haraka. Anakula kidogo leo, kidogo kesho, wala hapumziki siku ya Mungu. Nguvu yake ni kwamba sisi hatuangalii. Basi tufanye kama yeye: kidogo leo, kidogo kesho, bila kuacha. Leo jioni inua sanduku juu ya matofali. Jumapili zunguka msingi na torshi. Wiki ijayo sogeza kuni.

Kazini unagonga mwamba kabla ya kuingia chini yake, kwa sababu unataka kurudi nyumbani mzima. Gonga na mbao za nyumba, ili nyumba ikupokee nzima.